Ukoko wa Mtungi

Mwaka 1893, jijini Berlin, mtaalamu wa chachu aitwaye Paul Lindner alieleza kiumbe kipya kilichokutwa ndani ya pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Chachu alizozizoea, zile za bia na za mkate, huzaliana kwa kuchipua: mama anatoa kichipukizi ubavuni, kichipukizi kinakua, kinabanduka. Hii ilikuwa na tabia yake. Ilirefuka kama kijiti, ikajenga ukuta katikati, ikakatika vipande viwili vinavyolingana. Lindner akaiita Schizosaccharomyces pombe. Neno la kwanza ni Kigiriki cha wasomi, lina maana ya kuvu wa sukari anayejipasua. La pili, msomaji wangu, halihitaji mkalimani.

Ili kuelewa kwa nini tukio hilo ni la kuchekesha kidogo, inabidi kujua Ulaya ya wakati ule ilikuwa inahangaika na nini. Mwaka 1876 Louis Pasteur alitoa kitabu kizima kuhusu bia, na hoja yake ilikuwa kwamba bia ikichacha au ikinuka, imevamiwa na vijidudu vigeni: bia nayo huugua kama watu wanavyougua. Mwaka 1883, kwenye maabara ya kiwanda cha Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kuotesha chachu kutoka kwenye seli moja tu, na kiwanda kikaanza kupika bia kwa chachu hiyo peke yake. Tangu hapo kuosha chombo cha pombe kukapata maana mpya. Zamani uliosha ili kuondoa uchafu unaouona. Sasa uliosha ili kuua kila chenye uhai, kisha ukamkaribisha mgeni mmoja uliyemchagua mwenyewe.

Lindner alikuwa mtoto wa shule hiyo. Kwa macho ya shule hiyo, pombe ya Afrika Mashariki ilikuwa chafu kupita kiasi: ina bakteria wa ukali, ina chachu za kila ukoo, ina vipande vya maganda ya nafaka. Na ni kwa sababu ilikuwa chafu namna hiyo ndipo palipatikana ndani yake kitu ambacho mapipa yaliyosuguliwa ya Ujerumani yalikuwa yameshakifukuza.

Nimekaa na habari hii muda mrefu kwa sababu ya shangazi yangu wa Kirando. Yeye hupika pombe.

Kirando iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Nkasi. Ukitoka Namanyere juu uwandani, barabara inateremka ukingo wa bonde, joto linapanda, na mwisho unasikia harufu ya dagaa waliotandazwa juani. Ufukweni kuna samaki, muhogo na mpunga. Ulezi ni wa kule juu, Ufipa penyewe, kwenye matuta ya mviringo ambayo Wafipa huyaita intumba, yaliyofukiwa majani yaoze ndani yake. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ameandika mengi juu ya kilimo hicho na vijiji hivyo. (Kuna Willis mwingine, Justin, mwanahistoria aliyeandika kitabu juu ya vileo vya Afrika Mashariki kuanzia 1850 hadi 1999. Ukiingia maktaba usiwachanganye.) Kazi kubwa ya shamba iliitiwa watu, na watu walioitwa walinywesha kiu yao kwa pombe ya mwenye shamba. Ulezi ulilimwa kwa pombe, na pombe ikapikwa kwa ulezi.

Ulezi wa shangazi hushuka na lori. Anauloweka kwenye gunia, anaufunika na majani mabichi hadi uchipue, siku mbili tatu kufuatana na joto, kisha anauanika na kuusaga. Hicho ndicho kimea. Anapika uji mzito kwenye pipa la chuma, anauacha upoe hadi mkono uvumilie, anautia kimea. Kesho yake uji umelegea na kuwa mtamu. Hapo ni togwa, watoto wanakuja na vikombe. Keshokutwa umeanza kuuma ulimi. Unapoanza kuchemka wenyewe bila moto, watoto hawaruhusiwi tena.

Sasa vyombo. Kiswahili kina utajiri ambao sikuwahi kuufikiria hadi nilipomsikiliza akigawa kazi kwa binti zake. Pipa la kupikia *linakwanguliwa* kwanza, ukoko wote wa uji utoke, halafu *linasuguliwa* kwa mchanga wa ufukweni na majivu. Mwiko *unaoshwa* na kuanikwa. Vikombe *vinasuuzwa*. Kibuyu cha kuchotea *kinafukizwa*: unatia vijinga vya moto ndani, unakitikisa, moshi unakaa, kisha unamwaga makaa na kukipangusa. Na mtungi wa kuchachushia, ule mweusi uliozikwa hadi kiunoni kwenye kona ya jikoni, hauguswi na lolote kati ya hayo. Unamwagiwa maji ya moto, unazungushwa, unamwagwa. Basi. Ndani yake kuna utando wa kijivu, mkavu, unaokwaruza kucha.

Nikamuuliza kwa nini asiupige sabuni.

“Ukiupiga sabuni umeuua,” alisema. “Utakaa wiki pombe haiamki. Na ikiamka itanuka Omo.”

Kila tendo kati ya hayo lina kemia yake. Majivu yakikutana na maji hutoa chumvi za potashi, ambazo hukata mafuta na kulegeza wanga ulioganda. Viwanda vikubwa vya bia leo husafisha matangi yao ya chuma kwa kuzungushia soda kali ya moto ndani yake, na soda hiyo ni binamu wa majivu, ila ina nguvu zaidi na haina huruma kwa mikono. Mchanga ni brashi. Jua hukausha, na vijidudu vingi haviwezi ukavu. Moshi huacha kwenye kuta za kibuyu dawa zilezile zinazomfanya samaki mkavu asioze. Wafugaji wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania hufukiza vibuyu vya maziwa kwa miti waliyoichagua kwa karne nyingi, na harufu ya mti huo ni nusu ya ladha ya maziwa. Mtungi nao ni udongo usiopakwa kioo. Una vinyweleo. Sabuni ikiingia humo haitoki leo wala kesho, na chachu ikiingia humo haitoki pia. Shangazi anaijua tofauti ya hivyo viwili bila kuambiwa.

Kwingineko watu walifikia hapohapo kwa njia nyingine. Kule Voss, Norway, wapishi wa bia wa vijijini walitumbukiza pete ya mbao iliyochongwa ndani ya povu la bia, wakaikausha na kuitundika ukutani hadi msimu ujao. Chachu ililala kwenye mianya ya mbao. Karibu na Brussels kuna watengenezaji wa bia iitwayo lambic ambao huacha uji wa nafaka upoe darini, upepo uingie na chochote ulichobeba, na hawapendi mtu afagie utando wa buibui. Watalii hulipa kiingilio kuona vumbi hilo. Huo huitwa urithi. Utando wa mtungi wa Kirando una jina jingine katika ripoti.

Jina hilo lina historia yake, na si ya afya peke yake. Mwaka 1909 manispaa ya Durban, Afrika Kusini, ilijitwalia haki ya kuwa mpikaji na muuzaji pekee wa pombe kwa Waafrika wa mji ule, na faida ikagharimia utawala wa Waafrika haohao. Mpango ukawa maarufu miongoni mwa watawala. Nairobi ukafika mapema miaka ya 1920, na manispaa ikafungua kilabu chake Pumwani. Miji ya Tanganyika nayo ikapata vilabu vyenye leseni. Hoja zilikuwa tatu na zilikwenda pamoja: utulivu, afya, mapato. Ni vigumu kuzitenganisha, na nadhani hazikukusudiwa zitenganishwe. Mwanamke aliyepikia nyuma ya nyumba alikuwa mchafu, mvunja sheria na mkwepa kodi kwa mpigo mmoja. Baada ya uhuru, Sheria ya Vileo ya 1968 iliendeleza mgawanyo ule wa pombe ya kienyeji upande huu na vileo vingine upande ule, kila kimoja na leseni yake na saa zake.

Kwa hiyo ukimwambia shangazi yangu neno “usafi”, yeye husikia hatua za askari. Nisingependa mtu alichukulie jambo hilo kuwa ni ujinga.

Lakini nisimtetee hadi nikadanganya. Ziwa Tanganyika linajua kipindupindu. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa Kigoma, na ugonjwa ukawalipukia, maelfu waliugua. Waliosafirishwa kutoka pale walipakiwa kwenye MV Liemba, meli ileile ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitia nanga mbele ya Kirando na kupokewa na mitumbwi. Agosti mwaka uleule ugonjwa ukaanza Dar es Salaam na kusambaa mikoani. Kila unapofika, amri huwa moja nchi nzima: marufuku matunda yaliyokatwa, marufuku chakula barabarani, marufuku pombe za kienyeji. Pombe humwagwa. Nimewahi kuona pipa likimwagwa, na kuku walikuwa wa kwanza kufika.

Je, amri ina msingi? Unao, lakini haujakaa pale inapopiga. Kijidudu cha kipindupindu hakipendi ukali. Ndiyo maana tindikali ya tumbo hukiua kwa wingi kabla hakijafika utumboni. Uji uliochemka, ukachachuka hadi kuwa mkali kama maziwa ya mgando, si makazi mazuri kwake. Watafiti wetu wamelishughulikia hilo kwa togwa, dada wa pombe. Miaka ya 1980 na 1990 Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden walichunguza uji wa kimea na uji uliochachushwa kama chakula cha watoto wadogo. Mwaka 1999 Rose Kingamkono na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopewa togwa kali mara moja kwa siku kwa siku 13: idadi ya waliokutwa na vijidudu vya kuharisha ilipungua kwa nusu hivi ndani ya wiki ya kwanza. Walipoacha kunywa, ikaanza kupanda tena. Ukali ulikuwa unafanya kazi ambayo sisi huwa tunaiachia sabuni.

Hatari iko mwishoni. Pombe ikiwa nzito kupita kiasi huongezwa maji, na kama shangazi ana haraka, maji hayo hayajachemka. Yametoka ziwani asubuhi, hatua mia mbili kutoka mahali watu wanapofulia. Kisha kuna ndoo ya kusuuzia vikombe. Ndoo moja, tangu saa nne asubuhi hadi jioni, midomo arobaini. Ofisa anapokuja huchungulia mtungi, hukunja pua kwa sababu ya utando, na huipita ile ndoo aliyoegeshea pikipiki yake. Laiti ningekuwa na sauti katika halmashauri yoyote, ningemwachia mwanamke mtungi wake na kumpa ndoo mbili za ziada, dumu la maji ya moto na chupa ya klorini ya vikombe. Na ningemwambia kitu kimoja ambacho maelekezo mengi hayakisemi vizuri: klorini haioshi. Ukiimimina juu ya uchafu inapigana na uchafu, inakwisha nguvu, vijidudu vinabaki vinaitazama. Kwanza sugua, kisha suuza, ndipo utie dawa, ndipo usubiri.

Kuna jambo la nne ambalo usafi wowote wa vyombo hauligusi, nalo ndilo linalonitisha.

Januari 2015, Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe msibani. Neno lao ni pombe, kama letu. Watu 75 walikufa. Mwanzoni habari zilizozagaa ni kwamba mtu alitia nyongo ya mamba, sumu ambayo hadithi zake zinajulikana hadi huku kwetu. Mji wetu mkuu wenyewe unaitwa Sumbawanga, tupa uchawi, kwa hiyo mkoa wa Rukwa hauna haki ya kuwacheka watu wa Tete. Uchunguzi wa maabara ulipokamilika haukukuta mamba. Ulikuta bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na sumu anayoitengeneza, asidi ya bongkreki, iliyopata jina lake kutoka chakula cha nazi cha Java kilichoua watu huko tangu zamani. Chanzo kilikuwa unga wa mahindi ulioharibiwa na maji ya mafuriko. Bakteria alishafanya kazi yake kwenye unga. Sumu yake haivunjwi na kuchemsha. Ungeosha pipa kwa majivu, kwa soda, kwa moto wa jehanamu, pombe ingeua vilevile.

Mila yetu inamtaka mpikaji aonje kwanza mbele ya wageni. Ni kinga dhidi ya binadamu mbaya: kama nimetia kitu, nitakufa mimi kwanza. Mpikaji wa Chitima alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Nilimsimulia shangazi habari hiyo tukiwa tunapepeta. Hakusema kitu muda mrefu. Halafu akainuka, akaenda kwenye gunia lililokuwa pembeni ya mlango, lile lililonyeshewa wiki iliyotangulia na ambalo alikusudia kulipika kwa sababu kuwapa nguruwe ilikuwa hasara. Akalinusa, akaliburuta nje.

Nirudi kwa yule kiumbe wa Lindner, kwa kuwa maisha yake baada ya 1893 yalikuwa ya ajabu. Miaka ya 1940 Urs Leupold, Mswisi, alianza kumtumia kuchunguza urithi wa vinasaba. Miaka ya 1950 Murdoch Mitchison, Edinburgh, akampenda kwa sababu hurefuka kwa utaratibu na kujikata katikati, hivyo ukimpima urefu unajua umri wake. Kwenye maabara hiyohiyo Paul Nurse akatafuta kinachoiambia seli kwamba wakati wa kugawanyika umefika, akakipata: jeni moja, cdc2. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee wakaonyesha kwamba binadamu tunayo jeni inayofanya kazi hiyo, inayofanana kiasi kwamba ukiitia ndani ya chachu iliyoharibika, chachu inapona na kuendelea kugawanyika. Seli za saratani ni seli zisizosikia amri hiyo ya kusubiri. Mwaka 2001 Nurse alipata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt, na mwaka uliofuata ramani nzima ya jeni za Schizosaccharomyces pombe ikachapishwa.

Ningependa kumaliza hapo kwa majivuno, lakini kuna mchanga kwenye wali. Ukoo wa chachu uliofanya kazi hiyo yote, ule wa Leupold uliosambaa maabara za dunia, haukutoka kwenye mtungi wa Afrika Mashariki. Ulitokana na zabibu, uliotengwa na Osterwalder nchini Uswisi na kuhifadhiwa Delft, Uholanzi. Ni spishi ileile na jina lilelile, ila nyumbani kwingine. Na wachunguzi wanaopima pombe za nafaka za Afrika siku hizi hukuta zaidi Saccharomyces cerevisiae, chachu ya kawaida ya bia na mkate, kuliko huyo anayejipasua. Kilichosafiri na kubaki ni neno. Kwa kanuni za wataalamu wa mimea na kuvu, jina kamili huandikwa pamoja na la aliyekieleza kiumbe: Schizosaccharomyces pombe Lindner. Aliyeupika uji na kuutunza mtungi hana nafasi katika kanuni hiyo.

Mitungi yenyewe inakwisha. Wafinyanzi wamepungua, na pipa la plastiki la bluu linabeba mara tatu zaidi, halipasuki likianguka kutoka kwenye bodaboda. Mwaka jana shangazi alinunua manne kwa mpigo. Plastiki haina vinyweleo, kwa hiyo sasa chachu anaiweka kando: machicha ya mpiko uliopita, kwenye chungu kidogo kilichofungwa kitambaa, juu ya kichanja cha moshi. Lakini plastiki ina mikwaruzo, na mchanga wa ufukweni unaoufaa chuma unaichana plastiki, na ndani ya kila mchaniko uji unajificha na kuoza. Nilimwambia aache mchanga, atumie dodoki na maji ya uvuguvugu. Alinitazama kama mtu anayefundishwa kupiga makasia na mtoto wa mjini, lakini dodoki alilinunua.

Tulichobishana zaidi ni mapipa yalikotoka. Muuzaji alisema yalikuwa ya mafuta ya kula. Matatu yalikuwa na utelezi wa mafuta kweli, yakaisha kwa majivu na maji ya moto. La nne halikuwa na utelezi. Tulilijaza maji na majivu, tukaliacha siku mbili, tukalimwaga, tukalianika, na jua lilipolipata harufu ikarudi, kali, ya dawa ya kunyunyizia mimea. Mume wake akasema moshi utaimaliza. Shangazi akaingiza kichwa chote ndani ya pipa, akakaa humo kidogo, akatoka anafuta macho kwa khanga.

Pipa lile sasa liko kwa fyatua tofali nyuma ya zahanati. Analitumia kuchanganyia udongo.